Mume wangu anaponda kokoto na kupuliza salfa: manjano na mlonge vitamlinda mapafu?

Dada mmoja wa Masasi kaniandikia hivi, nimefupisha kidogo tu: "Dokta shikamoo. Mume wangu ana miaka 34, huu mwaka wa 6 anaponda kokoto, na ikifika msimu anachukua vibarua vya kupuliza salfa kwenye mikorosho ya watu. Sasa ana kama miezi 2 anakohoa, usiku ndo zaidi, na akipanda kamlima anahema sio kama zamani. Sigara havuti. Mnadani kauziwa kapsuli za manjano chupa moja sh 45,000, kaambiwa zinasafisha vumbi lote kwenye mapafu. Wenzie wanamwambia anywe maziwa jioni, mama mkwe anasema apige nyungu, mi mwenyewe nimesikia mlonge unasaidia. Tuambie kipi ni kweli, kuna mmea unaozuia vumbi lisiharibu mapafu?"

Marahaba dada yangu, na poleni sana. Nakupa jibu fupi kwanza alafu ndo tukae tuongee vizuri. Mimea ina vitu ndani yake vinavotuliza uvimbe wa mapafu, hilo ni kweli kabisa na limepimwa maabara, sio maneno ya mnadani. Ila hakuna mmea, hakuna kapsuli, hakuna maziwa yanayotoa vumbi la jiwe likishafika chini kabisa ya mapafu. Na kikohozi cha miezi 2 kwa mponda kokoto hakisubiri manjano, wiki hii hii apelekwe akapime TB, kwanini TB nitakwambia mbele.

Sasa mume wako anapumua mavumbi mawili na yanafanya kazi tofauti kabisa, watu wengi wanayachanganya.

Salfa ni ule unga wa njano wa kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, kwenye mikorosho, wanapuliza alfajiri wakati majani bado yana umande ili ushike. Ukiingia machoni mtu analia, ukiingia kooni anakohoa, mwenye pumu ndo inamwamka kabisa. Na sio kwa mpulizaji peke yake, kule California nchini Marekani kwenye bonde la Salinas walipima watoto wanaokaa jirani na mashamba yanayopulizwa salfa, mwaka 2017 wakatoa majibu kwamba salfa ikitumika zaidi karibu na nyumba basi pumzi ya watoto inakuwa dhaifu zaidi na dalili za pumu zinaongezeka. Kwa hiyo salfa inawasha na inachokoza. Lakini mwasho wake kwa kawaida unapungua mtu akikaa nayo mbali.

Kokoto ni habari nyingine, na hapo Masasi ni habari nzito zaidi. Vile vilima vya mawe mnavoviona hapo mjini ni miamba ya jamii ya granaiti na nisi, ndani yake kuna yale madini yanayong'aa kama vioo, kwatzi, na kwatzi ni silika tupu. Mtu akivunja mawe ya matumbawe huku Mikindani anapata vumbi la chokaa, silika yake ni ndogo. Mume wako anapata vumbi lenye silika nyingi. Nyundo ni zile zile na jasho ni lile lile ila mapafu hayaumii sawa, ndo maana huwa siwezi kumjibu mtu habari ya vumbi mpaka nijue jiwe lenyewe la wapi.

Vumbi kubwa lile unaloliona halinitishi sana, linanaswa puani na kwenye makamasi, lililoshuka kidogo linarudishwa juu na vinywele vya kwenye njia ya hewa, mtu anakohoa anatema kitu cha rangi ya udongo basi. Tatizo ni lile usiloliona. Unywele wa kichwani una unene wa kama mikroni 70 (mikroni 1 ni milimita ukiigawa mara 1,000), punje ya silika yenye mikroni 5 kushuka chini inapita kote huko hadi kwenye vifuko vya mwisho vya hewa ambako hakuna vinywele vya kuitoa. Huko kuna askari anaitwa makrofeji, kazi yake kumeza uchafu na kuuyeyusha. Anaimeza ile punje kama anavomeza bakteria, lakini jiwe haliyeyuki. Linapasua kile kifuko chake cha kuyeyushia vitu, sumu zake mwenyewe zinamwagikia ndani, anapiga kelele za kemikali kuita wenzie, anakufa, punje inadondoka pale pale nzima kama ilivoingia, anakuja askari mwingine anaimeza tena. Inaenda hivo hivo mwaka mzima, miaka 10, hata baada ya mtu kuacha kazi. Kila mzunguko unaacha kakovu, makovu yakijaa ndo ugonjwa tunaouita silikosisi, na kovu la mapafu halirudi kuwa nyama laini tena.

Naomba uushike huo mzunguko, kwa sababu kila mmea utakaoletewa uupime hapo hapo: unafanya nini kwenye mzunguko huu?

Tuanze na manjano kwa vile hela yenu ipo huko. Ndani ya manjano kuna kitu kinaitwa kurkumini, ndo ile rangi yenyewe. Kwenye seli kuna kama swichi kuu ya uvimbe, wataalamu wanaiita NF-kB, ikiwashwa zinamwagika zile kemikali za kuita askari. Kurkumini inaizuia ile swichi, imeonekana kwenye seli za maabara, imeonekana kwenye panya waliopuliziwa silika mapafuni, uvimbe unapungua na kovu linakuwa dogo kuliko kwa panya wasiopewa. Hiyo ni kazi ya kweli na mi naiheshimu. Lakini angalia panya wanavofanyiwa: mara nyingi dawa wanaanzishiwa mapema, pengine siku ile ile ya vumbi au kabla, dozi kwa uzito wao ni kubwa sana, na vumbi wanapewa mara moja au kwa kipindi kifupi likaisha. Mume wako kesho saa 1 asubuhi anarudi kwenye mawe.

Alafu kuna shida ya kuingia mwilini. Kijiko cha chai cha manjano kina gramu kama 3, na kurkumini humo ni kama asilimia 3 tu, na hiyo ndogo yenyewe utumbo hauipokei vizuri, ini nalo linaivunja haraka ikatoka, kwa hiyo inayofika kwenye damu ni kiduchu. Mwaka 1998 watafiti wa India waliwapa watu kurkumini pamoja na piperini, ile ya kwenye pilipili manga, ikaonekana inayoingia kwenye damu imepanda kwa asilimia 2,000. Toka hapo watengenezaji wengi wa kapsuli wanachanganya na pilipili manga, soma lebo ya chupa yenu utaona. Sasa hapo ndo naanza kuwa na wasiwasi, kwa sababu piperini inafanya hivo kwa kulizuia ini lisivunje vitu, na haichagui, dawa nyingine za hospitali nazo zinapanda kwenye damu, mfano fenitoini ya kifafa na theofilini ya pumu. Na kapsuli zenye kurkumini nyingi zimeshaumiza maini ya watu, Italia na Marekani zimeripotiwa kesi nyingi tu. Mumeo akikutwa na TB ataanzishiwa dawa ambazo zenyewe ni nzito kwa ini, isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi, zinafanya kazi nzuri mno ila ini linafanyishwa kazi, sitaki likute na kapsuli za mnadani juu yake. Kwa hiyo kapsuli asimamishe kwanza mpaka majibu yatoke. Manjano ya kwenye mchuzi aendelee kula, hayana neno, tena nunueni yale mabichi mkaanike na kutwanga wenyewe, maana kule Bangladesh mwaka 2019 ilibainika kuna wafanyabiashara wanaongeza rangi yenye madini ya risasi ili unga uwe wa njano iliyokolea, na risasi inaharibu ubongo wa watoto.

Tangawizi sitaikawiza. Ina jinjeroli na shogaoli, kwenye maabara zinalegeza misuli ya njia ya hewa, chai yake inatuliza koo, mpe anywe anavopenda. Ila chai ya tangawizi sio dawa ya silika.

Mlonge. Huu naupenda na nimeupanda kwangu. Majani yake yana jamii ya vitu ambavyo vipo pia kwenye brokoli, ile mboga ya jamii ya kabichi, na cha brokoli kinachojulikana zaidi kinaitwa salforafeni. Hivi vinafanya kazi tofauti na manjano, vyenyewe vinawasha swichi nyingine inaitwa Nrf2, ambayo inaufanya mwili utengeneze vizima moto vyake wenyewe. Cha brokoli kimepimwa kwa watu, China kwenye wilaya ya Qidong yenye hewa chafu, watu 291 walikunywa kinywaji cha miche ya brokoli kwa wiki 12, majibu ya mwaka 2014 yakaonyesha mwili unatoa benzini, sumu ya kwenye hewa chafu, kupitia mkojo kwa asilimia 61 zaidi. Ni majibu mazuri kweli. Lakini benzini ni sumu inayoyeyuka, inashikwa na ini inatolewa, jiwe haliendi kwenye mkojo. Na walipojaribu salforafeni ya dawa kwa wagonjwa 89 ambao mapafu yao tayari yameziba kwa ugonjwa sugu, mwaka 2016, wiki 4 nzima hawakuona tofauti yoyote, hata ile swichi yenyewe haikuwaka. Nakupa yote mawili kwa sababu anayekuuzia atakusimulia la kwanza tu.

Basi mlonge upikeni kama mboga, una vitamini na protini, mponda kokoto anahitaji kula vizuri. Usimfanyie kama chanjo ya vumbi.

Sasa hili naona watu wa kusini tungepaswa kulijua maana ni la kwetu. Korosho. Ganda la korosho lina ile mafuta nyeusi kali, akina mama wanaobangua wanaijua vizuri, inababua vidole hadi ngozi inatoka, ndo maana wanajipaka majivu au mafuta ya kula kwenye mikono kabla hawajaanza. Sehemu kubwa ya mafuta yale ni asidi ya anakadi. Watafiti wa Brazil, ambako ndo asili ya mkorosho wenyewe, mwaka 2013 walitoa majibu ya panya waliowekewa chembe za moshi wa dizeli kwenye mapafu, waliopewa asidi ya anakadi ya korosho mapafu yao yaliumia kidogo kuliko wenzao. Nilipoisoma nilifurahi mno, nikawaza mkorosho huu huu wa Newala na Tandahimba, wa Lindi na Ruangwa. Ila nikawaza pia mtu atasikia hivo ataenda kunywa mafuta ya ganda. Nakuomba na uwaambie majirani, yale mafuta hayanywewi, yanachoma mdomo na koo na tumbo, na moshi wa kuchoma korosho kienyeji kwenye debe una hayo hayo mafuta ndani yake, unawasha mapafu vibaya sana, usiuvute na mtoto mgongoni. Kati ya kitu kilichosafishwa na kupimwa na kupewa panya kwa kipimo, na ganda lililopo nyuma ya nyumba yako, kuna safari ndefu na bado haijafika kwa binadamu.

Sio kwamba hakuna mmea uliofika. Upo mmoja, nadhani ndo jibu la kweli la swali lako kuliko yote. China kuna mmea wa kutambaa unaitwa Stephania tetrandra, mzizi wake una kitu kinaitwa tetrandrini, toka miaka ya 1960 wanawapa wagonjwa wa silikosisi, wachimbaji wa migodi yao, na ni dawa rasmi huko. Inapunguza uvimbe na inachelewesha makovu yasikimbie. Haitoi jiwe wala haifuti kovu la zamani, na ini na ngozi vinaweza kupata shida kwa hiyo mgonjwa anapimwa damu akiwa anaitumia. Ona basi, hiyo ndo iliyofika mbali kuliko zote, imetafitiwa miaka 60, na bado kazi yake ni kuchelewesha tu, wakati chupa ya mnadani inaahidi kusafisha.

Na hadithi ya mmea huo huo ina upande wa kuhuzunisha. Mwanzoni mwa miaka ya 90 kule Ubelgiji kliniki moja ya kupunguza unene iliagiza mzizi huo kwa jina lake la Kichina, ikaletewa mzizi wa mmea mwingine wenye jina linalofanana, Aristolochia, wanawake wakapewa kwenye vidonge. Zaidi ya watu 100 figo ziliharibika, wengi wakaishia kwenye mashine ya kuchuja damu au kupandikizwa figo, na wengine baadae wakapata saratani ya njia ya mkojo. Majina mawili tu yalifanana. Ndo maana mtu akinionyesha unga wa kahawia kwenye karatasi akaniambia ni mizizi ya mapafu, siwezi kumwambia kunywa, sijui ni mzizi gani na yeye aliyeuuza pengine hajui.

Kuna na la karoti, nalo naliweka kwa sababu linamhusu moja kwa moja mtu wa vumbi. Rangi ya karoti na papai ni beta karotini. Zamani ilionekana wanaokula mboga na matunda ya rangi hiyo wanapata saratani ya mapafu kwa uchache kuliko wengine, watu wakasema tuiweke kwenye kidonge. Marekani wakachukua watu zaidi ya 18,000, wavuta sigara, walioacha sigara, na wafanyakazi waliopumua vumbi la asbesto, wakawapa kidonge chenye beta karotini na vitamini A. Mwezi wa kwanza 1996 utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati, maana waliomeza walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 28 zaidi ya wasiomeza. Finland walishaona hivo hivo kwa wavuta sigara. Papai halijawahi kumfanyia mtu hivo. Kitu kile kile kikiwa kwenye tunda ni chakula, kikikamuliwa kikajazwa kwenye kidonge dozi kubwa kila siku kinaweza kugeuka, na mapafu yaliyokwisha kuchokozwa na sigara au vumbi la asbesto ndo yaliyoumia. Mi nikishakumbuka hilo siwezi kumwambia mtu wa kokoto "meza tu, ni mmea, haina madhara."

Kwa hiyo ukiniuliza mimea ale vipi, nakwambia aile kwenye sahani. Nyanya kila siku, vitunguu, mchicha, kisamvu, majani ya kunde, maembe, papai. Wazungu waliwafuatilia watu wazima zaidi ya 650 wa Ujerumani, Norway na Uingereza kwa miaka 10, majibu ya 2017, waliokula nyanya zaidi ya 2 kwa siku na matunda mengi pumzi yao ilishuka taratibu kuliko wengine, na ilionekana zaidi kwa walioacha sigara. Sio dawa, na wala haionyeshi kwa uhakika kwamba ni nyanya zenyewe, ila ni chakula kizuri na bei yake mnaiweza. Alafu mabibo jamani. Msimu ukifika yanaozea chini ya mikorosho au yanaenda kwenye pombe ya uraka, na bibo lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, mara kadhaa. Kamueni juisi mnywe siku hiyo hiyo, watoto nao wape.

Nyungu: mvuke unalainisha makamasi na mtu anajisikia mwepesi, mkaratusi una sineoli ambayo kweli inatuliza uvimbe, Ujerumani mwaka 2003 waliwapa wagonjwa wa pumu 32 kapsuli za sineoli safi kwa wiki 12 wakaweza kupunguza dawa za steroidi kuliko wenzao. Lakini hizo zilikuwa kapsuli zilizopimwa, sio mvuke wa sufuria, na mvuke hauchukui jiwe ukaja nalo juu. Kama mama mkwe anasisitiza mwambie kwa heshima tu kwamba mara moja moja sawa, sufuria iwe chini pamekaa imara, watoto wasiwe karibu, nimeshatibu watu walioungua uso na mapaja. Mwenye pumu asijifukize kabisa, mvuke na harufu kali vinaweza kumbana kifua. Na mafuta ya mkaratusi yale ya chupa yasinywewe, mtoto akinywa kidogo tu anapata degedege.

Maziwa yanakwenda tumboni, vumbi lipo mapafuni, hayakutani popote. Mpe kama chakula.

Sasa ile TB. Kumbuka wale askari wanaokufa kwa kumeza jiwe, ndo hao hao wanaotakiwa kuwashika wadudu wa TB. Jiwe likiwamaliza, TB inapata njia, mtu mwenye silikosisi anakuwa kwenye hatari ya TB kama mara 3 au zaidi ya mtu wa kawaida. Kikohozi cha wiki 2 tu kinatosha kumpeleka mtu kupima, yeye ana miezi 2. Vipimo na dawa za TB kwenye vituo vya serikali ni bure. Akifika asiseme "nakohoa" peke yake, aseme "naponda kokoto miaka 6 na napuliza salfa", maana asiposema hawataijua kazi yake na picha ya kifua inaweza ikasomwa vingine. Aombe picha ya eksirei, na kama atapewa rufaa ya kupima pumzi kwa kile kimashine cha kupuliza asidharau, akapulize. TB ikitoka hapana na kikohozi kipo, arudi, asikae nyumbani kwa sababu aliambiwa hana TB.

Na ile sh 45,000 ya chupa ya pili, msiinunue. Nataka iende kwenye maji na barakoa. Kuponda kokoto kwa jiwe lililoloweshwa ni tofauti kama mchana na usiku, dumu moja lenye vitundu kwenye kizibo, analowesha rundo kabla ya kuponda na kila likikauka analowesha tena, vumbi linabaki kwenye tope. Najua maji Masasi sio ya kuchezea, hata machafu ya kufulia yanafaa, jiwe halichagui. Akae upepo ukiwa unampiga mgongoni au ubavuni ulisukume vumbi mbele yake, wenzie wasikae mstari ambao vumbi la mmoja linamwendea mwingine. Wanaochekecha wakae mbali na wanaoponda, kuchekecha kukavu ndo kunatoa lile vumbi jembamba kuliko yote.

Barakoa ya kitambaa au shati alilofunga puani halizuii zile punje ndogo. Atafute iliyoandikwa N95 au FFP2, inakaza uso kwa mikanda 2, na kwenye mashavu kusiwe na upenyo. Mwenye ndevu nyingi inamvujia pembeni, namwambia mapema ajue. Ikishakuwa nzito kupumua nayo au imelowa aibadilishe, kuifua inaiharibu. Barakoa peke yake bila maji ni nusu ya kazi, lakini kwenye salfa, ambako huwezi kulowesha unga, barakoa na miwani ndo kinga yake, na apulize akiwa upande unakotokea upepo, watoto wasiwepo shambani asubuhi hiyo, na asivute wala kuwasha moto karibu, salfa ikiungua inatoa gesi inayobana kifua pale pale.

Nguo za kazi asiingie nazo ndani, asizikung'ute mlangoni, we ndo unayezifua na unavuta vumbi hilo hilo. Ziloweke kwenye beseni nje kabla hujazigusa sana.

Kuacha kokoto kabisa ningemshauri mtu yeyote ambaye picha yake imeonyesha makovu, hata kama ni kidogo, ila najua neno hilo ni rahisi kwangu mimi niliyekaa mezani kuliko kwenu mnaotafuta ada na unga. Kwa hiyo tuende hatua kwa hatua, kwanza majibu ya makohozi na picha. Kama kuna tajiri anayemlipa kwenye hayo machimbo sio kibarua wa kujitegemea, ajue sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga na apime afya za wafanyakazi, na ugonjwa wa vumbi ni miongoni mwa magonjwa yanayofidiwa na mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Atunze karatasi zote za hospitali.

Na hiyo chupa ya kapsuli usiitupe, aende nayo hospitali amuonyeshe daktari, apimwe na ini kabisa kama ameshatumia zaidi ya wiki kadhaa. Akiona macho yanakuwa ya njano au mkojo umekolea kama chai asisubiri tarehe, aende siku hiyo hiyo. Vile vile akitema damu, akipungua mwili, au jasho likimlowesha usiku. Majibu yakitoka niandikie, na uniambie jiwe analoponda ni la kilima gani hapo Masasi.